Ngazi za Mjini, Vilima vya Ngara

Jengo ninamofanyia kazi mjini Dar es Salaam lina ghorofa 18, na kutoka ukumbi wa chini hadi mlango wa paa pana vipandio 378. Nimevihesabu mara nyingi kiasi kwamba siku hizi miguu yenyewe huvihesabu. Kila kipandio kina kimo cha sentimita 17, kwa hiyo mtu afikaye juu amejiinua mita 64 hivi kutoka pale alipoagana na mlinzi wa mlangoni.

Hatukuanza mchezo huu kwa hiari. Mwaka juzi lifti zote mbili ziliharibika kwa muda wa majuma mawili, na sisi wa ghorofa za juu tukawa hatuna budi kupanda kwa miguu. Siku ya kwanza kulikuwa na manung'uniko, siku ya tatu kukawa na mizaha, na kabla ya juma la pili kwisha vijana wa idara ya hesabu walikuwa wamekwisha kuanza kupimana kwa saa. Lifti zilipopona mchezo haukufa. Kamati ya michezo ya wafanyakazi ikaamua kuwa kila mwaka, mwezi wa Septemba, pawe na shindano la kupanda ngazi, na kila mshindani aondoke peke yake baada ya nusu dakika, kwa kuwa ngazi zetu ni nyembamba na haziwaruhusu watu wawili kupigana vikumbo.

Mimi wakati huo nilikuwa na umri wa miaka 46, kitambi cha wastani, na daktari aliyekwisha kunionya juu ya shinikizo la damu. Nilipanda kwa dakika 3 na sekunde 52. Nilipofika juu nilikaa sakafuni, kichwa katikati ya magoti, nikasikia ladha ya chuma mdomoni. Mtu wa masjala, mama wa watoto wanne, alikuwa amekwisha kufika zamani akinywa maji taratibu. Ndipo nilipojiwekea ahadi: mwaka unaofuata nishuke chini ya dakika tatu.

Yupo mlinzi wetu mmoja, askari mstaafu, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Alinifundisha mambo machache tu. Kwanza, mwenye kukimbia ghorofa nne za mwanzo atatambaa katika nne za mwisho. Basi anza kana kwamba umechelewa kidogo ila hujafukuzwa. Pili, mkono nao ni mguu: shika kishikizo cha ngazi, ujivute, hasa kwenye kona, na upite upande wa ndani ambako njia ni fupi. Tatu, kanyaga vipandio viwiviwili maadamu paja linakubali, na likikataa rudi kwenye kimojakimoja bila ya aibu. Nne, ambalo nililiona la ajabu, ni kwamba usishuke kwa miguu siku ya mazoezi makali. Panda kwa miguu, shuka kwa lifti, panda tena. Alisema kushuka ndiko kunakoumiza, na kwa yakini ndivyo ilivyo: mtu apandapo misuli ya paja hujikunja ikifanya kazi, bali ashukapo misuli hiyo hiyo hunyooshwa huku imebeba uzito wote wa mwili, na huo mnyoosho ndio unaoleta yale maumivu ya keshokutwa yanayomfanya mtu mzima akae kitini kama kikongwe.

Msidhani ni sisi tu tulioshikwa na wazimu huu. Kule New York, Marekani, tangu mwaka 1978 watu hushindana kupanda jengo la Empire State hadi ghorofa ya 86, vipandio 1,576, yaani mita 320. Kwa kimo ni kama jengo letu limerudiwa mara tano. Mshindi wa mwaka ule wa kwanza, Gary Muhrcke, alitumia dakika 12 na sekunde 32. Paul Crake wa Australia alipanda mwaka 2003 kwa dakika 9 na sekunde 33. Nako Uswisi, kando ya reli ya mlima Niesen, iko ngazi yenye vipandio 11,674, iliyowekwa kwa ajili ya mafundi wa reli, ambayo huchukuliwa kuwa ndefu kuliko zote ulimwenguni, na huko pia watu hujitokeza kushindana. Nilipomsimulia yule askari mstaafu habari za Niesen, aliniuliza kama reli hiyo imevunjika.

Hayo yote nimeyatanguliza ili mwelewe nilikuwa katika hali gani ya majivuno nilipoondoka kwenda Ngara mwezi wa Julai.

Safari haikuwa ya mazoezi. Nilitumwa. Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, anaishi peke yake pamoja na wajukuu wawili juu ya kilima kimoja cha Bugufi, katika tarafa ya Kanazi; jina la kijiji ameniomba nisilitoe gazetini, nami namtii. Ana umri wa miaka 71. Katika mvua za masika aliteleza njiani akitoka chemchemi, akateguka kifundo cha mkono. Ndugu tulikutana Dar es Salaam, tukala, tukanywa, tukaazimia kwamba mama huyu hafai tena kukaa kilimani, na kwamba aletwe mjini. Kwa kuwa mimi nina chumba cha ziada, ikakatwa kuwa atakaa kwangu, na mimi ndiye nitakayemfuata. Hapana aliyekumbuka kusema kwamba nyumba yangu iko ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Mimi nilikumbuka, nikanyamaza.

Kutoka Dar es Salaam hadi mpaka wa Rusumo ni zaidi ya kilomita 1,200. Basi hupita Morogoro, Dodoma, Singida na Nzega, na usiku wa kwanza nililala Kahama. Kuanzia hapo nchi hubadilika. Nyakanazi, njia panda ya Kigoma, ndipo abiria anapoingia wilaya ya Biharamulo, na toka hapo barabara hupita Lusahunga na Nyakahura katika msitu ambao kwa miaka mingi ulitisha watu. Abiria wa rika langu watakumbuka jinsi magari yalivyokuwa yakingojana na kusindikizwa na askari wenye bunduki kwa hofu ya majambazi. Safari hii dereva hakupunguza hata mwendo. Kaskazini ya njia hiyo ndiko yaliko mapori ya akiba ya zamani ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ambayo mwaka 2019 yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Kisha vilima vinaanza. Mtu aliyezoea pwani hudhani kilima ni kitu kimoja kinachosimama peke yake, akakipa jina na kukipiga picha. Ngara haiko hivyo. Kilima hushika bega la kilima, na baina yao bonde jembamba lenye utelezi na migomba, na baada ya kukata kona moja unaona vingine saba ambavyo hukuvitarajia. Malori yenye shehena ya Rwanda na Burundi hupanda yakiguna, mtu wa miguu akiweza kuyapita. Wilaya imeinuka hadi kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari, na kwa kimo hicho kanieneo ya hewa hupungua kwa karibu moja ya tano ya ile ya pwani. Nililijua jambo hilo vitabuni. Asubuhi ya kwanza nililijua kifuani.

Tulipita Benaco. Kijana aliyekaa karibu nami aliniuliza kwa nini mahali pa Tanzania paitwe hivyo, nikamweleza kuwa ni jina la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara. Lakini ulimwengu haukulijua jina hilo kwa sababu ya barabara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, wakapanda mwinuko huu kwa miguu, na Benaco ikawa kambi kubwa kuliko miji mingi ya nchi yetu. Walikaa hadi Desemba 1996 waliporejeshwa kwao. Leo ukipita kwa basi huoni ila maduka, gereji, na vijana wauzao ndizi mbivu madirishani.

Nilifika kwa shangazi jioni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umenenepa."

Hayo ndiyo makaribisho niliyopewa. Usiku tulikula ndizi na maharage, na mimi nikaahirisha ujumbe wa ndugu zangu hadi kesho. Mkono wake ulikuwa umepona, ila aliushika kwa mwingine alipodhani simtazami.

Alfajiri nilisikia madumu yakigongana. Nikatoka. Alikuwa akisuka ngata kwa majani makavu ya mgomba, wajukuu wamekwisha kutangulia. Nikasema nitakwenda naye, tena nitabeba mimi. Nilikuwa nimevaa viatu vya mazoezi na saa ya mkononi niliyoazimwa na kijana wa idara ya hesabu, ile ya kisasa ipimayo mapigo ya moyo na mwinuko. Shangazi alivaa kandambili. Alipofika mwanzo wa mteremko alizivua, akazitia kwapani.

Kushuka kulikuwa rahisi, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mlinzi wetu alikuwa amenionya. Niliteremka nikirukaruka, nikamtangulia, nikajisikia kijana. Chemchemi iko chini kabisa bondeni, maji hutoka penye mwamba kwa bomba fupi, na wakati wa kiangazi hutoka kidogo. Tulingoja foleni nusu saa. Wanawake waliniuliza habari za Dar es Salaam kwa Kiswahili, wakanijadili kwa Kihangaza, lugha ambayo mimi naisikia kuliko wanavyodhani. Hawakunisifu.

Kisha tukapanda. Mimi nilibeba dumu la lita 20, shangazi la lita 10. Saa yangu ilionyesha baadaye kwamba kutoka chemchemi hadi uani kwake ni mita 110 za kupanda, sawa na ghorofa 31 za jengo letu, ila hapana kishikizo wala kipandio, ni udongo mwekundu na mawe yaliyolegea. Niliondoka kwa kasi niliyoizoea kazini. Nilipofika kiasi cha robo ya njia mapigo ya moyo yalikuwa 168. Dumu lilinikata bega, nikalihamisha. Likakata bega la pili. Mapaja yaliyokuwa yamechoshwa na kuteremka yalianza kutetemeka. Nyuma yangu nilisikia hatua, si za haraka, si za polepole, kisha shangazi akanipita. Hakusema neno. Alikuwa akipumua kwa pua.

Nikalazimika kusimama, na kwa kuwa sikuwa na lingine la kufanya nilimtazama jinsi anavyopanda. Hakufuata njia moja kwa moja kwenda juu. Alikata mshazari, kushoto kidogo, kulia kidogo, kama sindano ya mshona mkeka. Hatua zake zilikuwa fupi mno, nusu ya zangu, na wayo wote uligusa ardhi, kisigino pia. Mimi nilikuwa nikipanda kwa vidole, na ndiyo maana mashavu ya miguu yalikuwa yakiwaka moto. Shingo ilinyooka chini ya dumu, mikono ikining'inia. Tena hakupumzika penye mteremko mkali kama nilivyofanya mimi. Alipumzika mahali pamoja tu, penye mkuyu, ambapo njia hulala kidogo, na hapo hakulishusha dumu. Alisimama, akahesabu pumzi zake, akaendelea. Nilipofika uani alikuwa amekwisha kuwasha moto.

Jioni alikwenda tena. Huwa anakwenda mara mbili kila siku.

Nilikaa siku tisa, na kila siku nilimfuata asubuhi na jioni. Siku ya tatu nusura nishindwe kukaa chini, mapaja yaliuma hivyo. Siku ya tano nilianza kupanda kwa wayo mzima. Siku ya nane nilifika mkuyuni bila kusimama, na shangazi akasema kitu kwa Kihangaza ambacho wajukuu walikicheka sana.

Ujumbe wa ndugu nilikuwa nimekwisha kuutoa usiku wa pili. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza:

"Huko kwako, maji yako wapi?"

"Yamo ndani, shangazi. Bombani."

"Na kanisa?"

"Karibu. Ila kwanza ushuke ngazi za ghorofa nne."

"Nani atanisindikiza kushuka?"

Nikasema watoto wapo shuleni, mimi na mke wangu tupo kazini, ila jioni. Akatikisa kichwa polepole. Kisha, kwa kuwa nilikwisha kumsimulia habari za shindano letu, akauliza jambo lililokuwa likimsumbua.

"Hizo ngazi mnazopanda mkishindana. Juu kuna nini?"

"Hakuna kitu, shangazi. Tukifika tunapigiwa makofi, halafu tunashuka kwa lifti."

"Mnapanda mikono mitupu?"

"Mitupu."

Hakucheka. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayesikia habari za msiba wa mbali. Baadaye akanieleza ya Aprili 1994. Alikuwa amekwenda kwa jamaa zake upande wa Kasulo, akawaona wale watu wakipanda kutoka Rusumo. Alisema walikuwa wengi hata vumbi halikupata nafasi ya kutua. Kilichobaki machoni mwake ni mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, mwingine kifuani, na juu ya kichwa cherehani. Shangazi alimpa maji. Yule mwanamke alikunywa bila ya kushusha cherehani, kwa kuwa alijua akikishusha hatakiinua tena.

"Mtu hupanda akiwa na sababu," alisema, akaingia kulala.

Sikumshawishi tena. Niliona haya kutumia hila, na nilipomfikiria amefungiwa ghorofa ya nne kuanzia asubuhi hadi jioni, akiwa mtu aliyejiinua mita 220 kila siku ya maisha yake, niliogopa kwamba kile tunachokiita kumpumzisha ndicho kitakachomlaza. Lakini pia niliogopa ule utelezi wa masika. Mfupa wa mtu wa miaka 71 si wa kuchezewa, na yule atakayekuwa Dar es Salaam siku atakapoanguka ni mimi. Kwa muda wa siku tatu sikulala vizuri. Mwishowe nilimwita fundi wa pale kijijini, akapima paa la mabati, akanipa hesabu ya tangi la maji ya mvua pamoja na mifereji. Haikuwa hesabu ndogo. Ila ikigawanywa kwa ndugu watano haizidi gharama ya karamu ile tuliyokula tukimwamulia makazi.

Nilirudi kwa njia ya Biharamulo mjini, kilomita kadhaa nje ya barabara kuu, kwa sababu tangu utoto nimesikia habari za boma la Wajerumani. Lipo, limesimama mahali pa juu kama yalivyo maboma yao mengi, tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Baba alipenda kusema kwamba mtawala hukaa juu na mzigo wake hupandishwa na mwingine. Wilaya yenyewe imepungua tangu zama zake: Chato ilimegwa ikawa wilaya, na mwaka 2012 ikaingia mkoa mpya wa Geita. Nilikunywa chai pale mjini, nikapanda kwenda bomani kwa wayo mzima na hatua fupi, mkoba mgongoni, na nilipofika juu niligundua kuwa sikuhema. Nilitamani mtu wa kumwonyesha.

Ndugu zangu walinipokea kwa hasira. Mkubwa wetu alisema nilitumwa kuleta mtu, nikaleta hesabu ya tangi. Watatu kati yetu walitoa fedha mwezi ule ule, mmoja alitoa nusu. Mkubwa hajatoa hadi leo, na hatujazungumza vizuri.

Shindano lilifanyika Septemba. Wapandaji tulikuwa 31. Nilianza polepole kiasi kwamba wenzangu walidhani naumwa. Nilitumia hatua fupi na pua hadi ghorofa ya 9, kisha nikashika kishikizo na kwenda viwiviwili. Katika ghorofa ya 14 nilimpita kijana wa idara ya hesabu, mwenye ile saa. Dakika 3 na sekunde 11. Nilikuwa wa 12. Mama wa masjala alikuwa wa 6, na sitarajii kumpata katika maisha haya. Nilisimama wima, nikazungumza. Juma lililofuata daktari alinipima shinikizo la damu, akaniambia limeshuka, nisiache vidonge.

Kwa wasomaji watakaotaka kuanza: pimweni kwanza, hasa mliopita miaka 40. Anzeni na ghorofa mnazoweza kupanda mkizungumza. Akina mama, vueni viatu virefu. Na mwenye maumivu ya magoti asishuke kwa miguu, hata kama lifti ina foleni.

Mvua za Oktoba zilipoanza nilimpigia shangazi simu. Tangi limesimama, mifereji ya upande mmoja imewekwa, ya upande wa pili inangoja fedha za mkubwa. Maji yaliyoingia yanatosha kupikia. Ya kufulia bado hufuatwa bondeni, na wajukuu ndio wanaokwenda. Nikamwuliza na yeye je. Akasema huenda asubuhi tu, ikiwa hakuna utelezi.

Kisha akaniuliza kama nilipanda, na kama nilipewa kitu safari hii. Nikamwambia kila mtu alipewa fulana.

"Rangi gani?"

"Kijani, shangazi."

Akasema nimpelekee. Niliifunga katika gazeti pamoja na kilo mbili za sukari, nikampa kondakta wa basi la Ngara Jumamosi alfajiri.